Miguu ya Bi Somoe Haijatakata

Kitendawili. Najua mmeshasema tega, ingawa kwenye karatasi siwasikii. Basi: naoshwa kila siku sitakati, na siku nikitakata mtaa mzima utalala na kiu.

Fikirini polepole. Msikimbilie kujibu samaki, wala sufuria, wala ulimi. Mkishindwa mtanipa mji kama ilivyo desturi, na mimi kwenye kuchagua mji sina haraka. Wakati mnafikiri, nitawasimulia habari za nchi moja ambayo jina lake limenitoka. Si hapa petu. Hapa petu mambo ni mazuri, na kama si mazuri mimi sikusema.

Nasikia kila nchi ina njia yake ya kumchukua mtu kwenye watu wa kawaida na kumpandisha kwenye watukufu. Kuna walikozaliwa na utukufu wao. Mtoto alitoka tumboni analia kama wenzake wote, lakini yeye mkunga alimpigia magoti. Kuna walikopigwa bapa la upanga begani, na mtu alikuwa akiomba moyoni aliyeushika asije akapiga chafya. Wengine walipewa kigoda, au ngozi ya chui, au kofia. Kuna walioununua kwa mfalme aliyefilisika, wakavaa shela za watukufu huku wakinuka vitunguu walivyouza asubuhi. Yote hayo yana maana yake.

Katika nchi hii ninayowaambia, utukufu ulipatikana kwa kulalamika.

Ilianza hivi. Serikali ile ilikuwa na kazi za kuchosha: kujenga madaraja, kuezeka shule, kupeleka dawa. Ikimaliza hiki, watu wanakuja kulalamikia kile. Mkuu wa nchi akakosa raha. Akawa anazunguka chumbani huku viatu vikilia, akawaita washauri, akawauliza, "Hivi hawa watu wanataka nini?" Mshauri mmoja, aliyesoma nje mpaka akasahau njia ya kwao, akajibu, "Mkuu, wanataka kuonekana."

Basi ikaamuliwa waonekane. Madaraja yakaachwa yalivyo, ikaundwa Wizara ya Utukufu. Na sheria zikatungwa, si nyingi. Mtukufu hapangi foleni. Mtukufu habebi ndoo. Mtukufu hapazi sauti. Na ile iliyobeba zote: mtukufu halalamiki, na neno "hakuna" halimtoki kinywani. Akiulizwa jambo ambalo halipo, atasema, "Lipo karibuni." Akikosea, anavuliwa utukufu hadharani pamoja na joho lake, na chini ya joho lile sheria haikuruhusu kuvaa kitu kingine chochote.

Mnaona wenyewe. Aliyelalamika sana alitukuzwa upesi. Mwalimu mmoja, Faki jina lake, alisema shule yake haina paa. Akafanywa Mtukufu wa Anga. Mzee wa ng'ambo ya mto alisema daraja limezolewa na mafuriko. Akafanywa Mtukufu wa Kingo Mbili, na sherehe yake aliitazama kutoka upande wa pili, maana hakuwa na pa kuvukia. Nchi ikatulia kuliko wakati wowote. Wageni waliokuja kuikagua walisema hawajapata kuona watu walioridhika namna ile, wala walionyamaza namna ile.

Tuendelee, maana bado sijafika kwa mwenyewe.

* * *

Bi Somoe alikuwa dobi wa mtaa wa Bondeni. Miguu yake ilijulikana. Miaka yote alisimama ndani ya maji ya sabuni, na buluu ya kufulia ilikuwa imemwingia kwenye nyufa za visigino, ikakaa. Akipita sokoni wenzake wanamtania, "Somoe, umekanyaga mbingu?"

Bomba la Bondeni, lenye midomo mitatu, lilikauka mwaka ule ilipofunguliwa Bustani ya Watukufu kule mlimani. Bustani ile ina bata bukini wa mawe wanaotema maji juu mchana kutwa. Sisemi mambo haya mawili yanahusiana. Nasema yalitokea wiki moja.

Watu wa Bondeni wakawa wanateka maji kwenye shimo la machimbo, ya kijani, yenye utando. Mjukuu wa Mzee Hatibu, jirani wa Bi Somoe, aliyanywa maji yale akaharisha, wakamzika. Kisha Mize, binti yake Bi Somoe, mimba imefika kooni, akateleza kwenye ngazi za machimbo na ndoo kichwani. Walimleta nyumbani ameshika tumbo.

"Sikuumia, mama," Mize akasema. "Ni maji tu yamemwagika."

Bi Somoe alimfuta tope la goti kwa upindo wa kanga yake. Halafu akaanza kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Wizarani."

"Ukilalamika watakutukuza, mama. Ukishatukuzwa nani atatusemea?"

"Nitakwenda kwa upole."

"Wewe hujawahi kwenda mahali kwa upole."

"Ndiyo maana natafuta viatu," akasema Bi Somoe. "Vitanipunguza mwendo."

* * *

Wizara ilikuwa na madirisha mengi yaliyofungwa na moja lililo wazi. Juu yake pameandikwa: MALALAMIKO NA HESHIMA. Karani wa dirishani alimkaribisha kwa tabasamu ambalo ungedhani kazaliwa nalo.

"Karibu, bibi. Umekuja kulalamika?"

"Hapana, baba. Nimekuja kuuliza."

"Unauliza kwa uchungu?"

"Nauliza kwa kiu. Bomba la Bondeni lina nini?"

Karani akaegemeza kichwa, akamsikiliza sauti yake kama fundi anayesikiliza injini. "Umesema 'lina nini'. Hebu rudia, tafadhali, vilevile."

"Lina nini?"

"Huo ni uchungu wa daraja la tatu," karani akasema, akagonga kengele. Mlango ukafunguka, chai ikaja kwa sinia, na nyuma ya chai mtu mwenye futi ya fundi cherehani akaanza kumpima mabega.

"Mnanipima nini?"

"Joho, mama mtukufu."

Bi Somoe hakuinywa ile chai. Lakini aliitazama sana, maana ilikuwa ya maji meupe.

* * *

Afisa itifaki aliyepelekwa Bondeni kumwandaa aliitwa Bwana Lugome, mwembamba, shingo ndefu, mtu wa kutembea kwa ncha za vidole asije akakanyaga utaratibu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaanza bila salamu nyingi.

"Bibi, hongera. Utakuwa Mtukufu wa Umande."

"Na nikikataa?"

"Hakuna anayekataa." Akakumbuka kwamba neno hilo wizarani halitamkwi, akaangalia dirishani kama kuna aliyelisikia. "Alikuwepo mmoja. Kukataa utukufu ni kumdharau Mkuu. Tulimpelekea utukufu wake gerezani, na huko kila wakihesabiwa anaitwa mtukufu."

Mize alikuwa amesimama mlangoni, mkono mgongoni kama wajawazito wanavyosimama. Kidole chake cha mguu hakikutulia.

Lugome akaeleza utaratibu, na huu nauleta wote kwa sababu ndimo mambo yalimolala. Mtu wa nchi ile hutukuzwa kwa kuoshwa miguu. Waziri mwenyewe hupiga magoti na kumwosha mbele za watu. Maji lazima yawe ya kwao mtukuzwa, yanayotiririka kutoka bombani kwao, si ya ndoo wala ya pipa, kwa kuwa utukufu, walisema, unachipua nyumbani. Na maji yakishafunguliwa hayafungwi mpaka anayeoshwa aseme mwenyewe kwa kinywa chake: nimetakata. Afisa itifaki akilisikia neno hilo anapiga upatu, joho linavishwa, kazi imekwisha.

"Mpaka aseme mwenyewe?" Bi Somoe akauliza.

"Mwenyewe. Ni amri ya Mwasisi wa Taifa." Hapo Lugome akasimama kidogo, kama inavyotakiwa, kisha akakaa. "Mwasisi alitoka vitani na tope. Wakamwosha kwa haraka, wakafunga maji. Akakanyaga zulia la ikulu, nyayo zikabaki, mabalozi wakacheka. Ndipo akaamuru hakuna... ndipo akaamuru kwamba maji yasifungwe tena kabla mwenyewe hajasema. Anayefunga mapema ni sawa na kusema Mwasisi aliingia ikulu mchafu. Hilo lina kifungo."

"Na hayo maji ya kwetu mtayatoa wapi? Bomba letu limekufa."

"Halijafa, bibi. Limefungwa koki, kule bustanini. Tutalifungua siku hiyo, bata watapumzika saa moja, kisha tutalifunga."

"Koki?"

"Moja tu. Hivi." Lugome akazungusha mkono hewani, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayefunga chupa.

Bi Somoe aliutazama ule mkono mpaka uliposimama. Mize akaacha kuchezesha kidole.

"Mjukuu wa Hatibu," Bi Somoe akasema, "amekufa kwa hivi?" Akazungusha mkono wake, kushoto kwenda kulia.

Bwana Lugome alikunja kitambaa chake cha jasho, akakikunjua, akakikunja tena. "Mimi ni mtu wa itifaki, bibi. Koki si idara yangu."

* * *

Jioni ile Mwalimu Faki, yaani Mtukufu wa Anga, alikuja kumpongeza. Joho lake lilikuwa limerowa, maana alitoka darasani na mvua ilikuwa imenyesha. Alitabasamu bila kupumzika.

"Paa vipi, mwalimu?"

"Lipo karibuni."

"Na watoto?"

"Wanasoma mawingu," akasema, na tabasamu likatetemeka pembeni. Alisogea karibu, akanong'ona, "Siku yangu nilisema nimetakata kabla maji hayajanigusa, Bi Somoe. Niliyaogopa, yalikuwa ya baridi. Na nilikuwa na haraka ya kuvaa."

Akaondoka, akiacha tone moja moja mpaka mlangoni.

Bi Somoe hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa Mzee Hatibu, akamkuta anatengeneza kamba ambayo haikuwa imekatika.

"Hatibu, siku yangu nataka shangwe."

"Shangwe ya nini? Ukivaa lile joho sisi tumebaki bubu."

"Nataka mje na ngoma. Ndoo, beseni, madumu, masufuria makubwa, mapipa ya kuviringisha. Kila nyumba. Mje mnapiga."

Hatibu akamtazama kwa jicho moja. "Bi mkubwa, hizo si ngoma."

"Zikiwa tupu ni ngoma," akasema Bi Somoe.

Bwana Lugome alipoombwa ruhusa ya vyombo vya kushangilia alifurahi sana. Alisema Bondeni wana moyo wa kizalendo.

* * *

Siku ikafika. Zulia likatandikwa juu ya matope, kiti chenye mito kikawekwa chini ya mdomo wa kati wa bomba, na mtaa mzima ukaja ukigonga ndoo mpaka masikio yanawasha. Waziri wa Utukufu, Mheshimiwa Mpaze, alishuka garini kwa kutanguliza tumbo. Akahutubia.

"Ndugu wananchi wa Bondeni. Leo tunashuhudia ushahidi wa kushuhudiwa. Kuna wanaouliza, je, serikali inaona? Nawajibu: inaona. Inaona mpaka vidole. Ni nchi gani nyingine duniani ambayo waziri anapiga magoti mbele ya dobi? Wakati wengine wanahangaika na mambo madogo kama mabomba, sisi tunahangaika na utu wa mtu. Utu haupiti kwenye bomba. Bomba linaziba, utu hauzibi."

"Mheshimiwa," Lugome akanong'ona, "tuombe maji."

Ishara ikapelekwa mlimani kwa simu. Bomba lilikohoa. Likatema vumbi, likatema mende mkavu, likanyamaza, na Mize akajishika shingo. Kisha likaguna kwa ndani, na maji yakaja, ya kahawia kwanza, halafu meupe, halafu ya kuona vidole kwa chini.

Sijui kuwaeleza sauti waliyoitoa watu wa Bondeni. Haikuwa vigelegele. Ilikuwa kama mtu aliyetua mzigo.

Waziri akapiga magoti na dodoki jipya na sabuni ya marashi. Akasugua kulia, akasugua kushoto, wapiga picha wakapiga. "Umetakata, mama?"

"Bado kidogo, mheshimiwa. Kisigino."

Akasugua kisigino.

"Na hapo katikati ya vidole. Samahani, mwanangu, ni buluu. Ni ya siku nyingi."

Nyuma yao Mzee Hatibu alikuwa amefungua ile midomo miwili ya pembeni, maana sheria ilizungumzia mmoja tu. Ngoma zikaacha kulia moja baada ya nyingine, kadiri zilivyojaa. Watu wakapokezana bila kusukumana, wakakimbia nazo nyumbani, wakarudi na nyingine. Kuna aliyeleta kitanda cha mtoto kilichozibwa kwa nailoni.

"Umetakata sasa?"

"Bado."

Jua likapanda. Shingo ya waziri ikang'aa jasho. Akasema kwa meno yaliyofungwa, "Mama, mimi nina mkutano."

"Nenda, mwanangu. Mimi sina."

"Nitakupandisha cheo. Mtukufu wa Mto."

"Mto una matope, mheshimiwa. Itabidi tuanze upya."

"Wa Bahari, basi."

"Huko ndiko kabisa, sijui kuogelea."

Waziri akainuka kwa shida, magoti yana alama za zulia. "Funga maji," akamwambia Lugome.

Bwana Lugome akawa mweupe midomoni. Alisogea sikioni mwa waziri, akanong'ona. Mzee Hatibu, aliyekuwa karibu, aliyasikia maneno mawili: Mwasisi, mchafu. Waziri akatazama kulia na kushoto, akawaona wapiga picha, akapaza sauti.

"Nani amesema funga? Nimesema fungueni zaidi. Mama asuguliwe mpaka aridhike." Akamwachia dodoki naibu wake, akapanda gari.

* * *

Sasa hapo ndipo nchi ilipopata jambo ambalo haijawahi kuwa nalo, sherehe isiyokwisha.

Wakasoma sheria upya, wakakuta anayeoshwa anaruhusiwa kwenda kula, kusali na kulala, lakini maji hayaruhusiwi kupumzika. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Somoe alirudi kitini, akatumbukiza miguu, na afisa wa zamu akasugua. Bwana Lugome alisimama kando na upatu wake. "Umetakata, bibi?" "Bado, mwanangu. Umeamkaje?"

Mize alijifungua mtoto wa kike. Walimwogesha maji ya bombani yaliyopashwa moto. Bi Somoe alimshika kwa mikono, miguu ikiwa kwenye beseni, akamwambia, "Na wewe karibu. Usiseme kitu kwa sasa."

Lakini msidhani Bondeni walistarehe. Walikuwa na maji na hawakuwa na amani. Mlimani pale kwenye koki walikaa askari wawili wakiisubiri simu, na watu walilijua hilo. Bomba likikohoa, mtaa mzima uliinuka. Hakuna chombo kilichokaa kitupu. Walijaza mpaka vikombe vya kahawa. Bi Somoe akipiga chafya watu walishtuka, wakidhani ndilo lile neno linakuja. Watoto walikatazwa kulitamka. Ukitaka kusema sahani imekuwa safi, unasema "imekaa vizuri".

Na miguu yenyewe iliteseka. Ngozi ikawa nyeupe ya kukunjamana, kucha zikalegea, miguu ikavimba mpaka magotini. Mize alikuwa akiipaka mafuta ya nazi usiku, analia kwa ndani. "Mama, sema tu. Tumeshapata ya kutosha."

"Ya kutosha mpaka lini?"

Mize akachota mafuta mengine, akaendelea kupaka.

Huko juu nako kulikuwa na kizaazaa cha kimya. Bata wa mawe walikauka, midomo wazi. Mabafu ya watukufu yalikauka pia, kwani yalikuwa kwenye mrija uleule. Na wao, masikini, wameshatukuzwa. Walivumilia, wakajipaka manukato juu ya manukato, halafu wakatuma wajumbe kwa waziri.

"Mheshimiwa," akasema kiongozi wao akijikuna chini ya joho, "tumekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa maji. Yapo karibuni."

"Yapo karibuni sana?"

"Karibuni mno, mheshimiwa." Akajikuna tena. "Hatujapata kuwa na maji yaliyo karibuni namna hii."

Waziri akafungua dirisha ili apate hewa. "Kwa hiyo mmeridhika?"

Wakatazamana. Mmoja alifungua mdomo, mwenzake akamkanyaga. Ukivuliwa joho kule, nimeshawaambia chini yake kuna nini.

"Tumeridhika," wakasema, wakarudi kwao na harufu yao. Mwalimu Faki peke yake hakuwa nao. Yeye alikuwa Bondeni, amejaza dumu. Sheria ilisema mtukufu habebi ndoo, madumu haikuyataja.

Naye Bwana Lugome, jambo dogo. Yeye alikaa mtaa wa Kichangani, ambako bomba lilikauka zamani kuliko la Bondeni. Siku moja alikuja na upatu mkono wa kulia, na mkono wa kushoto amebeba dumu la njano. Akaliweka nyuma ya kiti cha Bi Somoe kama mtu anayeweka mwavuli.

"Ni la mke wangu," akasema. "Amenituma."

"Hatibu," Bi Somoe akaita, "mjazie afisa."

Kuanzia hapo alikuja nalo kila siku, na wala hakuna aliyelitaja.

* * *

Halafu Bi Somoe akaugua. Homa ilimpanda kutoka kwenye ile miguu, ikamchukua akili. Walimlaza kwenye mkeka palepale chini ya bomba, miguu ukingoni mwa beseni, kwa kuwa kumwondoa kwa ugonjwa sheria haikukutaja, na waliogopa kila kisichotajwa. Akaanza kuongea ovyo. Alimwita mama yake. Alihesabu nguo za watu waliokufa. Mize alimwinamia, anamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na kila mdomo ulipotikisika watu walirudi nyuma hatua.

Habari ilifika wizarani haraka. Waziri Mpaze alikuja bila hotuba. Alikuwa amekonda, anasinzia na kushtuka, na wakati wote vidole vyake vilisugua kitu kisichokuwepo. Akapiga magoti, akasogeza sikio mpaka likagusa mdomo wa mgonjwa.

"Mama," akasema kwa upole, na nadhani ule ulikuwa wa kweli, "pumzika sasa. Miguu yako ni mizuri. Sema tu, upumzike."

Hatibu aligeuka akatazama ukuta. Maji yalikuwa yanatiririka, na ndiyo sauti pekee iliyosikika Bondeni nzima. Bwana Lugome alichutama upande wa pili, sikio lake karibu kama la waziri, upatu gotini.

Mdomo wa Bi Somoe ukatikisika. Akasema kitu.

"Amesema," waziri akaruka, machozi yanamlenga. "Amesema. Piga upatu."

Lugome hakupiga.

"Lugome. Piga."

Bwana Lugome alikuwa ameinamisha kichwa. Dumu la njano lilikuwa nyuma ya kiti, limejaa mpaka shingoni, kifuniko hakijawekwa. Alilitazama. Alimtazama Mize na mtoto. Kile kitambaa cha jasho alikikunja mara moja, safari hii hakukikunjua.

"Mheshimiwa, amesema bado."

"Mimi nimesikia vingine."

"Inawezekana, mheshimiwa. Lakini sheria inataja sikio la itifaki."

"Lugome, unajua unachokifanya?"

"Najua, mheshimiwa," akasema Lugome. "Nafuata utaratibu."

Waziri akakaa chini kwenye matope, na suti yake yote. Kisha akanawa uso kwa maji ya bomba lile, akanywa kidogo, akanywa tena, akaondoka bila kumuaga mtu yeyote.

* * *

Homa ilishuka. Bi Somoe yupo. Anakwenda asubuhi anatumbukiza miguu, sasa si kwa muda mrefu, halafu anaitoa anaikausha juani, na afisa wa zamu anaandika kwamba zoezi linaendelea. Lile dirisha la wizara wamelifunga. Mitaa mingine yote yenye mabomba makavu ilikwenda kulalamika, ikitaka itukuzwe haraka, na foleni ilifika sokoni. Kichangani walikuja na ndoo kabisa. Kwa hiyo nchi ile hivi sasa haitukuzi mtu, na haijui la kufanya na watu wanaolalamika bila kupewa kitu. Inasemekana Mkuu amerudia kuzunguka chumbani.

Askari wawili bado wapo kwenye koki. Bi Somoe naye ni mtu mzima, hilo kila mmoja Bondeni analijua na hakuna anayelisema. Mjukuu wake ameanza kuongea. Neno la kwanza lilikuwa "bado", wakafurahi, wakampa sukari.

Mnataka kujua siku ile ya homa alisema nini hasa. Mke wa Lugome naye alitaka kujua. Alimuuliza wakati anamimina maji mtungini. Bwana Lugome alizungusha mkono hewani, kulia kwenda kushoto, kama mtu anayefungua chupa, akaomba chakula.

Haya, kitendawili changu. Mliojibu mwanzoni, kaeni na jibu lenu, msilitamke kwa sauti kubwa. Mlioshindwa, nipeni mji. Msinipe wenye ikulu, wala wenye bustani. Nipeni Bondeni. Nataka kuwahi, na ninakuja na ndoo.